Majina manne kwenye mchoro mmoja: historia ya tabaka maradufu la umeme

Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za bumu kuchelewa na foleni ya kafeteria, leo mnivumilie. Leo ni historia, tena historia ya kitu chembamba kuliko vyote nilivyowahi kuviandika kwenye diary hii. Kwenye maji ya bahari unene wake ni kama nanomita moja hivi. Nanomita moja ni milimita moja uliyoigawa vipande milioni. Ndo ujue.

Kitu chenyewe kinaitwa tabaka maradufu la umeme. Kwa Kiswahili cha kawaida ni hivi: ukiingiza kitu kigumu majini, iwe chuma, kioo, mchanga au udongo, uso wake karibu kila mara unapata chaji. Pengine unaachia ioni, pengine unazinasa. Chaji ile haikai peke yake. Majini kuna ioni za chumvi, na zile zenye chaji ya kinyume zinavutwa karibu na uso. Basi unapata tabaka mbili, moja kwenye kitu na nyingine kwenye maji, zinatazamana. Ukisimama mbali huoni kitu, maana zinafutana. Lakini pale mpakani, volti 1 ikishuka ndani ya nanomita 1 ni sawa na volti bilioni 1 kwa mita. Hewa ya kawaida inashindwa na kupiga cheche ikifika kama volti milioni 3 kwa mita. Yaani ndani ya ndoo ya maji iliyotulia tu kuna mahali pana nguvu ya umeme kuliko kwenye wingu la radi, sema ni padogo mno.

Waliosoma kemia mnaujua ule mchoro. Ukuta upande wa kushoto umejaa alama za kutoa. Mbele yake kuna mstari ulionyooka wa alama za kujumlisha, kisha alama nyingine zimetawanyika kuelekea kulia. Chini yake majina: Helmholtz 1853, Gouy 1910, Chapman 1913, Stern 1924. Ubao unafutwa, tunaendelea na mada nyingine.

Hoja yangu leo ni kwamba mchoro ule unatuficha mambo. Unatufanya tuone kama wazee wale wanne walikuwa mafundi wa nyumba moja: wa kwanza kaweka msingi, wa pili kuta, wa mwisho bati. Haikuwa hivyo hata kidogo. Na ukiamini ilikuwa hivyo, utaamini pia kwamba sayansi ni nyumba iliyokwisha, sisi kazi yetu ni kukariri tu milango iko wapi.

ALIYEANZA HAYUMO KWENYE MCHORO

Mwaka 1800 Volta alitangaza betri yake ya kwanza, ule mnara wa visahani vya metali. Ikawa kila mwenye maabara Ulaya anatafuta kitu cha kukipitishia umeme. Mmoja wao alikuwa Ferdinand Friedrich Reuss, Mjerumani aliyekuwa profesa kwenye Chuo Kikuu cha Moscow. Alichukua udongo wa mfinyanzi uliolowa, akachomeka mirija miwili ya kioo, akaijaza maji, akaweka waya za betri ndani yake. Matokeo yake yalichapishwa Moscow mwaka 1809.

Aliona mambo mawili. Kwenye mrija wa upande hasi maji yalipanda. Kwenye mrija wa upande chanya maji yalichafuka, chembe za udongo zikawa zinapanda humo. Maji yanakwenda huku, udongo unakwenda kule. Leo tunajua sababu: uso wa udongo una chaji hasi, kwa hiyo chembe zinakimbilia upande chanya. Maji ya jirani yake yamebeba ioni chanya, kwa hiyo yanavutwa upande hasi. Ni tabaka maradufu hilohilo, pande zake mbili zimevutwa kila moja njia yake.

Reuss hakuwa na maneno hayo. Mwaka 1812 Moscow iliungua wakati wa uvamizi wa Napoleon na jengo la chuo likaungua nalo. Jina lake leo unalikuta kwenye vitabu vya wataalamu wa udongo na koloidi, lakini chini ya ule mchoro wetu halipo.

HELMHOLTZ HAKUCHORA KILE TUNACHOCHORA

Sasa twende 1853. Hermann von Helmholtz alikuwa na miaka 32, profesa wa fiziolojia kule Königsberg. Sikiliza vizuri: fiziolojia. Makala yake ya mwaka ule ilihusu namna umeme unavyosambaa ndani ya vitu vinavyopitisha umeme, na alikuwa anawaza majaribio ya umeme wa misuli ya wanyama. Humo ndimo alimotumia wazo la tabaka mbili za chaji zinazotazamana kwa ukaribu sana. Lilikuwa ni wazo la kihesabu. Mwaka 1879 ndo alirudi na kulitumia rasmi kwa kioo na maji, kueleza mambo ya aina ile aliyoyaona Reuss miaka 70 nyuma.

Katikati hapo walipita wengine. Mjerumani Georg Quincke, karibu na mwaka 1860, alionyesha kinyume cha jaribio la Reuss: ukisukuma maji kwa nguvu kupita kwenye kitu chenye vitundu vidogo, unapata umeme. Umeme unasukuma maji, na maji yakisukumwa yanatoa umeme.

Halafu jiulize. Vile viduara vya kujumlisha tunavyovipanga mstari na kuviandikia "Helmholtz 1853", ni nini? Tunajibu ni ioni. Neno ioni lilikuwepo, Faraday alilitumia tangu 1834. Lakini wazo kwamba chumvi ikiyeyuka tu majini inagawanyika yenyewe kuwa ioni, bila hata kupitishiwa umeme, lilielezwa kikamilifu na Svante Arrhenius mwaka 1887. Elektroni yenyewe J. J. Thomson aliitangaza 1897. Kwa hiyo mchoro tunaombandika Helmholtz wa 1853 hakuuchora, na asingeweza kuuchora. Ni mchoro wa watu wa baadaye waliomvisha mzee nguo zao.

TONE LA ZEBAKI

Helmholtz alipanga tabaka zake kama visahani viwili vya kapasita, umbali usiobadilika. Wazo zuri, na hesabu yake fupi. Kitu kilicholiletea matatizo ni zebaki.

Mnamo 1872 kijana mmoja wa Kifaransa, Gabriel Lippmann, alikuwa Heidelberg. Huko akaonyeshwa mchezo: tone la zebaki ndani ya asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa, ukiligusa kwa waya wa chuma linajikunja, ukiondoa waya linarudi. Kama moyo unavyodunda. Lippmann hakuishia kushangaa. Akaanza kupima. Akakuta kwamba mkazo wa uso wa zebaki unabadilika kulingana na volti unayoiweka. Chaji zikijaa usoni zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo uso unakuwa mwepesi kutanuka. Ukichora mkazo dhidi ya volti unapata kilima, na kileleni ndipo zebaki haina chaji.

Kutokana na hapo akatengeneza kipimo cha volti ndogondogo, uzi wa zebaki ndani ya mrija mwembamba. Kipimo hichohicho ndicho alichotumia Augustus Waller jijini London mwaka 1887 kurekodi kwa mara ya kwanza umeme wa moyo wa binadamu kutoka juu ya ngozi. Kwa hiyo ukienda hospitali ukabandikwa zile waya za kifuani, ujue babu wa mashine ile ni tabaka maradufu la umeme. Lippmann alipata Nobel mwaka 1908, lakini kwa kazi nyingine kabisa, ya picha za rangi.

Tatizo sasa. Kama Helmholtz yuko sawa, kile kilima kinatakiwa kiwe na umbo safi, pande mbili zinazolingana. Vilima vya kweli vilikataa. Vilikuwa vimelala upande, na ukibadilisha chumvi umbo linabadilika. Asili haikusoma notisi.

MFARANSA WA LYON NA MWINGEREZA WA OXFORD

Hapa ndipo wanaingia wale tunaowaandika kwa kistari, "Gouy-Chapman", kama vile ni kampuni. Hawakuandika makala hata moja pamoja.

Louis Georges Gouy alikuwa profesa Lyon. Alitumia miaka kupima vilima vya zebaki kwenye myeyusho wa chumvi mbalimbali. Pia alikuwa mtu wa kuwaza kuhusu mwendo wa Brown, ule mtikisiko usiokoma wa chembe ndogo majini. Nadhani unaona anakoelekea. Mtu aliyetazama chembe zikicheza bila kupumzika hawezi kukubali kwamba ioni zitasimama kwenye mstari kama wanafunzi paredi. Mwaka 1910 akasema: umeme unazivuta ioni ukutani, joto linazitawanya, mwisho wake ni wingu. Wingu zito karibu na ukuta, jepesi mbali.

Mwaka 1913 David Leonard Chapman wa Jesus College, Oxford, akachapisha hesabu inayofika palepale. Yeye jina lake lilikuwa linajulikana tayari kwa mambo ya milipuko ya gesi.

Wingu hili lina unene unaoweza kukokotoa. Kwenye chumvi ya kawaida ya mole 0.1 kwa lita ni kama nanomita 1. Ukizimua hadi mole 0.001 unakuwa kama nanomita 10. Kwenye maji safi kabisa unakaribia nanomita 1,000. Chumvi ikizidi wingu linabanwa, ikipungua linatanuka. Shika hilo, tutalihitaji.

Na hapa kuna dhuluma ndogo ya kihistoria. Mwaka 1923 Peter Debye na Erich Hückel, wakiwa Zürich, walitumia wazo la aina hiyohiyo, ila badala ya ukuta wakaweka ioni moja katikati ya wingu lake. Kazi kubwa, sibishi. Lakini unene ule, ambao Gouy alikuwa nao miaka 13 kabla, leo dunia nzima inauita urefu wa Debye. Majina huwa yanamwendea aliyesikika.

STERN ANAPIGA HESABU YA KAWAIDA

Wingu la Gouy nalo lilikuwa na ugonjwa wake. Kwenye hesabu ile ioni ni nukta, hazina ukubwa. Chukua myeyusho wa mole 0.1 kwa lita na ukuta wenye volti 0.3. Hesabu inasema ioni pale ukutani zitaongezeka mara zaidi ya 100,000. Maana yake mole zaidi ya 10,000 kwa lita! Maji yenyewe, kila kitu kikiwa maji, ni mole 55 tu kwa lita. Ni kama kuambiwa kwenye daladala moja wamepanda abiria wa mji mzima. Hata konda wa Mbagala hawezi.

Otto Stern, akiwa Hamburg mwaka 1924, akaleta suluhu rahisi: ioni ina mwili. Haiwezi kusogea karibu na ukuta kuliko nusu ya upana wake. Kwa hiyo kuna safu ya kwanza iliyobanana karibu na ukuta, kama alivyotaka Helmholtz, kisha linafuata wingu, kama alivyotaka Gouy. Na zile ioni za ukutani zinaweza kunatia kwenye uso kwa sababu za kikemia, si umeme peke yake.

Stern ndiye yuleyule wa jaribio la Stern na Gerlach la 1922, wanafizikia mnamjua. Mwaka 1933 Wanazi walipoanza kuwafukuza Wayahudi kazini, naye Myahudi, aliondoka Hamburg akaenda Pittsburgh, Marekani. Nobel ya fizikia ya 1943 ni yake. Ujerumani ilijifukuzia wenyewe watu wa namna hiyo.

MAJI YA BOZA

Sasa kuna mtu anauliza: haya yote yananihusu nini?

Hosteli tunayokaa wiki nyingine maji yanaletwa na boza, na kuna siku yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Chumba cha jirani kuna dada mmoja wa mwaka wa tatu anatoka Kanda ya Ziwa. Yeye hana presha. Anachukua jiwe la shabu, anakoroga ndoo mizunguko kadhaa, anaacha. Baadaye juu kweupe, chini mashapo. Kuna jamaa wakamtania eti dawa ya mganga. Mimi nikamuuliza:

"Dada, hiyo inaua na wadudu?"

"Haiui, mdogo wangu. Inashusha udongo tu. Kuchemsha kuko palepale."

Jibu sahihi kabisa. Na huo udongo ulikuwa unaelea kwa nini? Kwa sababu ya wingu la Gouy. Kila chembe ina chaji hasi na wingu lake la ioni. Chembe mbili zikikaribiana, mawingu yanasukumana, zinaachana. Hazigandani, hazizami. Unaweza kusubiri siku nzima.

Tangu mwaka 1882 Hans Schulze alikuwa ameona kwamba ioni zenye chaji kubwa zinagandisha chembe za namna hii kwa kiasi kidogo sana, na William Hardy wa Cambridge akaliendeleza hilo mwaka 1900. Maelezo kamili yalikuja wakati wa vita. Mwaka 1941 Boris Derjaguin na Lev Landau walichapisha nadharia yao Umoja wa Kisovieti. Evert Verwey na Theo Overbeek waliifanyia kazi Uholanzi, kwenye maabara za Philips, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, na kitabu chao kikatoka 1948. Pande mbili za vita, jibu moja: kuna nguvu ya kuvutana kati ya chembe na nguvu ya kusukumana ya mawingu, na chumvi inaamua nani ashinde. Kwa nadharia hiyo, pale chaji ya uso ikiwa kubwa, kama ioni ya chaji 1 inahitaji kiasi cha 729 kugandisha, ioni ya chaji 3 inahitaji 1.

Shabu ina aluminiamu, chaji yake 3. Tena ikifika majini inatengeneza vinyunya vinavyonata ambavyo vinazoa udongo vikishuka. Mbegu za mlonge zilizotwangwa, ambazo wanawake wa Sudan kandokando ya Nile wamezitumia kusafishia maji, zina protini yenye chaji chanya. Inashika kwenye udongo wenye chaji hasi, kazi ileile. Na pale Rufiji inapokutana na Bahari ya Hindi, chumvi ya bahari inabana mawingu ya chembe za tope, zinagandana na kuzama. Hiyo ni sababu mojawapo ya tope kutua pale kwenye mikoko badala ya kupotelea mbali baharini.

Yule dada hajasoma Derjaguin. Na Derjaguin hakuwahi kunywa maji ya boza letu. Lakini wote wawili wanashughulika na wingu lilelile.

MKAA WA MAREKANI

Cha mwisho, kwa wale wa uhandisi. Kwa kuwa tabaka hizi mbili zimekaribiana mno, kapasita yake ni kubwa: kiasi cha mikrofaradi 10 hadi 40 kwa kila sentimita mraba kwenye metali. Gramu moja ya mkaa uliotengenezwa maalum, wenye vitundu vingi, ina uso wa mita za mraba 1,000 na zaidi. Zidisha mwenyewe. Mwaka 1957 Howard Becker wa General Electric alipata hataza ya kapasita ya mkaa wenye vitundu. Kampuni ya mafuta ya SOHIO ikapata hataza yake 1966, ikashindwa kuiuza kibiashara, ikaipa leseni NEC ya Japani, ambayo iliingiza bidhaa sokoni miaka ya 1970. Mwaka 2006 Shanghai iliweka barabarani mabasi yanayojichaji kituoni wakati abiria wanapanda na kushuka. Kinachobeba umeme ule ni ule mchoro wetu.

TUNABAKI NA NINI

Tazama mpangilio wake. Reuss aliona bila kuelewa. Helmholtz alipata umbo akiwa anatafuta kitu kingine. Gouy alimkosoa Helmholtz, Stern akamkosoa Gouy na wakati huohuo akamrudisha Helmholtz mezani. Mwaka 1947 David Grahame wa Amherst, Marekani, akaigawa tena ile safu ya ndani ya Stern mara mbili. Na hadi leo watu wanatumia leza na kompyuta kubwa kuuliza molekuli za maji za ukutani zimegeukia wapi. Hakuna aliyekuwa na picha nzima, na hakuna aliyekuwa mjinga.

Sisi huku tunapewa ile picha ya mwisho tu, tunaikariri, tunapata B, tunasahau. Ndo maana mtu anamaliza kozi ya koloidi halafu anamcheka anayekoroga shabu. Mimi naona notisi zingeandika tu sentensi moja zaidi kwa kila jina: huyu alikuwa anahangaika na nini, na kipi kilimkatalia. Ukijua kilichomkatalia Gouy huhitaji kumkariri Stern, utamfikia mwenyewe.

Haya, kwa leo yametosha. Kesho saa mbili asubuhi nina maabara na koti langu bado halijakauka. Tuko pamoja.